Uzoefu wangu: kufika bandarini Mwanza na kuutembea mji kabla ya meli ya Bukoba

Ukishuka kwenye basi Mwanza ukamwambia bodaboda "nipeleke feri", atakupeleka Kamanga, wala hatakuwa amekosea. Kwa watu wa hapa feri ni kivuko, na kivuko cha Kamanga kinavusha watu na magari kwenda upande wa Sengerema. Meli ya Bukoba inafunga gati kwingine, Bandari ya Mwanza Kaskazini. Ukisema "bandarini" peke yake unaweza pia kujikuta Mwanza Kusini, ambayo ni bandari ya mizigo, kule mabehewa ya treni yanakoingizwa melini. Kwa hiyo sema yote kwa pamoja: "Kaka, nipeleke bandari ya kaskazini, kwenye meli ya Bukoba." Nauli mpatane kabla hujakaa kwenye siti.

Hapa natathmini siku nzima, tangu kuingia mjini hadi kukanyaga ngazi ya meli. Kwa jumla naipa nyota 4 kati ya 5. Mji wenyewe unastahili zote 5. Nyota moja naikata kwa sababu ya usumbufu wa mizigo na saa mbili za mwisho za kusubiri, ambazo mgeni asiyejipanga huzipata chungu.

Uzuri mkubwa wa Mwanza ni kwamba bandari ya abiria iko mjini kabisa. Kutoka mnara wa saa, mtu mwenye begi la mgongoni anatembea dakika kumi hadi kumi na tano. Stesheni ya treni nayo iko jirani, safari fupi tu ya bajaji. Walio mbali ni abiria wa mabasi na wa ndege. Stendi ya Nyegezi iko kusini, njia ya Shinyanga. Ya Nyamhongolo iko njia ya Musoma. Uwanja wa ndege uko kaskazini, upande wa Ilemela. Kote huko unaingia mjini kwa daladala, ila kwa mwenye mzigo mkubwa daladala ni mateso: begi likikaa kwenye mapaja ya jirani, utalilipia siti. Chukua bajaji au teksi, na ujiwekee saa nzima, hasa jioni, maana barabara kuu zinazoingia mjini zinabanwa kati ya milima ya mawe na ziwa, na hakuna njia nyingi za kuzunguka.

Muulize konda wa basi mapema kama mnaishia Nyegezi au Nyamhongolo. Anayepokelewa na ndugu akasubiriwa stendi isiyo yake anapoteza saa nzima bure.

Sasa tiketi. Ikate asubuhi, kabla ya matembezi yoyote, au siku moja kabla kama unataka chumba cha kulala. Vitanda ni vichache kuliko viti, na wafanyabiashara wanaosafiri kila wiki wanavijua na kuvishika mapema. Nenda na kitambulisho, cha NIDA au kingine kinachotambulika. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo kupitia simu au benki, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama: mtandao wa pesa ukiyumba saa 1 usiku, huna muda wa kuusubiri urudi. Ukilipa saa 4 asubuhi, hata ukiyumba una mchana mzima.

Ulizia pia ni meli gani inayokwenda siku hiyo, na saa ngapi hasa. Kawaida safari ya Bukoba ni ya usiku, kuondoka saa 3 na kuamkia ng'ambo, lakini si ya kila siku na ratiba hubadilika. Tiketi ikiandikwa 21:00, hiyo ni saa 3 usiku. Kuna wageni wanaoambiwa kwa mdomo "saa tatu" wakadhani ni asubuhi. MV Victoria ndiyo mkongwe wa njia hii: vipande vyake vilitengenezwa Uskoti, vikaunganishwa Kisumu, ikaanza kazi 1961, na baada ya miaka kadhaa ya kusimama ikarudi majini 2020 ikiwa imekarabatiwa. Meli mpya kubwa zaidi, MV Mwanza, ilishushwa majini Februari 2023. Ina urefu wa mita 92.6 na imejengwa kubeba abiria 1,200.

Jina kwenye tiketi liwe lako, liandikwe sawasawa. Hili nalisisitiza, maana jina hilo ndilo linaloonyesha nani yumo melini. MV Bukoba ilizama asubuhi ya Mei 21, 1996, ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Mamia walikufa, na wengi wamezikwa Igoma, hapa hapa Mwanza, kwenye makaburi yenye mnara wa kumbukumbu. Ukipita njia ya Musoma una sababu ya kusimama pale. Mtu akikuambia uingie kwa tiketi ya mwenzio aliyeghairi, kataa, hata kama ni nusu bei.

Baada ya tiketi, begi. Usitegemee kuliacha bandarini. Njia iliyonikaa vizuri ni kuchukua chumba cha gesti ya bei nafuu karibu na katikati ya mji, hata kama hulali: unaacha mzigo chini ya kufuli, unaoga jioni, unachaji simu. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kuburuta begi juani kwenye vilima vya Mwanza.

Kama umefika alfajiri na mguu ni mwepesi, anza na Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Nenda kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi, kabla jua halijakolea. Utaona sangara, sato na dagaa kwa magunia, na korongo wakubwa wenye vipara wakizunguka wachuuzi kama wana hisa. Dagaa ndiyo zawadi ya kwenda nayo Bukoba au kurudi nayo nyumbani, lakini jua kuzichagua. Chota kiganja kimoja, zisugue taratibu kwa kidole gumba, kisha zirudishe na utazame mkono wako. Mchanga ukibaki kwenye mistari ya kiganja, hizo zimeanikwa chini. Zilizoanikwa juu ya vichanja huacha magamba ya rangi ya fedha tu. Vunja moja: iliyokauka inakatika kwa mlio, iliyo mbichi ndani inajikunja, na hiyo ndiyo itakayovunda kabla hujafika. Wanapima kwa sado au debe. Angalia lijazwe hadi kichwa. Omba zifungwe kwenye kiroba, kiroba kiingie ndani ya gunia, mdomo ushonwe, la sivyo chumba kizima cha meli kitajua ulichobeba.

Ukirudi mjini pita Makoroboi. Jina limetokana na koroboi, zile taa za mafuta za bati. Soko limejibana chini ya majabali, kanga zinaning'inia mbele ya jiwe, na hekalu la Wahindu liko hapo hapo. Nusu saa inatosha. Simu iweke mfuko wa mbele.

Chakula cha mchana ni sato. Kabla mama lishe hajamtia kwenye mafuta, mwombe umwone: macho yawe maangavu, mashavu ndani yawe mekundu. Kwa mtu anayepanda meli usiku napendekeza mchemsho badala ya wa kukaanga, na kula vizuri saa 8 mchana kuliko kushiba saa 2 usiku. Tumbo lililojaa mafuta halielewani na mawimbi. Ukikutana na mama anauza michembe au matobolwa, nunua. Hivi ni viazi vitamu vilivyokaushwa, michembe vibichi, matobolwa baada ya kuchemshwa. Haviharibiki, havichuruziki, na vinashibisha usiku kucha.

Alasiri ndiyo ya kisiwa cha Saanane, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sijaona mji mwingine wa Tanzania wenye hifadhi ya taifa katikati yake namna hii. Kisiwa kilianza kama bustani ya wanyama 1964, ya kwanza nchini, kikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa 2013. Jina ni la mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa mkulima na mvuvi pale kabla serikali haijakichukua. Boti inaondokea upande wa Capri Point na safari yenyewe ni dakika chache. Kiingilio kinalipwa kwa njia ya kielektroniki, kwa hiyo salio liwe kwenye simu kabla hujatoka mjini. Fika getini kabla ya saa 9 alasiri ili upate saa mbili za kutembea bila kukimbizwa na muda wa kufunga.

Vaa viatu vyenye soli ya kushika. Njia inapanda juu ya mawe ya matale yaliyosuguliwa na mvua, na ndala zinateleza hata kukiwa kukavu. Pimbi utawaona wengi, swala pia. Lakini usiondoke bila kumtazama mjusi wa mawe. Dume ana kichwa na mabega mekundu ya kung'aa na mwili wa bluu iliyokolea. Anakaa juu ya jiwe lenye jua, ananyoosha mikono ya mbele na kuikunja, kifua kikipanda na kushuka, akiwaonya wenzake wasisogee. Jike ni wa kahawia, humwoni mpaka akimbie. Kwa jina la kisayansi anaitwa *Agama mwanzae*: mji huu umeingia kwenye jina la mjusi. Simama hatua nne mbali, kivuli chako kisimfikie, naye atakuachia upige picha.

Onyo la ziwa: usiingize miguu kwenye maji ya kando, hasa penye majani na maji yaliyotulia. Konokono wa kichocho wanakaa humo humo.

Jiwe la Bismarck limeachwa mwisho makusudi. Liko hatua chache kutoka ufukweni, mjini, jiwe juu ya jiwe kama mtu alilipanga, ingawa ni maji na hali ya hewa vilivyokula sehemu laini na kuacha ngumu. Jina ni la Bismarck, kansela wa Ujerumani, tangu enzi za Wajerumani. Ukisimama nchi kavu unatazama magharibi, kwa hiyo anayetaka picha yenye sura ya jiwe lenyewe aje asubuhi, jua likiwa mgongoni mwake. Jioni unapata umbo jeusi mbele ya anga la machungwa, na kwangu hiyo ndiyo nzuri zaidi. Jua la Mwanza linazama kama nusu saa baada ya la Dar es Salaam, karibu saa 1 jioni. Mgeni wa kutoka Pwani akija saa 12 akidhani amechelewa, ana muda wa kununua mahindi ya kuchoma.

Bujora siipendekezi siku ya kupanda meli, na naisema kwa uchungu kwa sababu makumbusho ya Wasukuma ni ya kuheshimiwa: ngoma za watemi, kanisa la mviringo, historia ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana. Lakini iko Kisesa, njia ya Musoma, na ukishuka daladala bado kuna kipande cha bodaboda. Inataka nusu siku yenye utulivu. Ukifika Mwanza siku moja kabla, nenda. Ukifika siku hiyo hiyo, iache.

Kutoka kwenye jiwe rudi gesti, oga, chukua begi, uwe getini saa 1 na nusu usiku. Saa moja na nusu kabla si nyingi: kuna ukaguzi wa mizigo, foleni ya vitambulisho, na mzigo wa biashara unaopakiwa hadi dakika za mwisho. Wabeba mizigo watakufuata. Patana bei kwa begi, na umwambie akufikishe hadi ndani, si hadi ngazini. Dagaa na vitu vizito huenda vikapimwa na kulipiwa tofauti, kwa hiyo bakiza pesa taslimu ndogo ndogo.

Begi dogo la usiku litenge: koti au kikoi kizito, maji, tochi, dawa ya kichefuchefu kama unaihitaji. Koti si mapambo. Radi na mvua za Ziwa Victoria hupiga sana usiku na alfajiri, upepo wa nchi kavu unapokutana katikati ya maji, na sitahani kunakuwa baridi kuliko unavyodhani mchana wa Mwanza. Ukishaingia, tafuta kwanza jaketi okozi ziko wapi na ngazi ya kutokea iko upande gani. Ni kazi ya dakika mbili.

Anayetaka kuwahi tu apande basi. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, limeondoa foleni ya kivuko njia ya Geita, na basi halikwami tena majini. Meli inafaa kwa anayetaka kulala na kuamka Kagera.

Meli ikianza kusogea, simama upande wa kulia. Inaelekea kaskazini, na mji wote unapita upande huo: taa za Kirumba karibu na maji, nyingine juu kabisa kwenye mawe, nyumba zikionekana kama zimebandikwa. Robo saa hivi baadaye upepo unabadilika, na koti linapata kazi yake.