Betri ya Gari: Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Imelala Dukani Tangu Lini

Joto la Dar es Salaam likishapanda, ujumbe ninaoupata kwa wingi kuliko wowote ni huu: "Dada, nimenunua betri mpya, haijafikisha hata miezi sita, asubuhi gari haiwaki. Fundi kasema altaneta. Nimebadilisha altaneta, bado." (Altaneta ndiyo inayochaji betri injini ikiunguruma.) Mmoja yuko Tabata, mwingine Mbagala, mwingine aliniandikia akiwa amekwama Tanga na familia nzima ndani ya gari. Magari yao hayafanani, na betri zao si za kampuni moja. Nikaanza kuwaomba wote picha ya mfuniko wa betri, pale panapogongwa namba za kiwandani. Zile tarehe tulizoweza kuzisoma zilieleza karibu kila kitu. Betri ilikuwa mpya kwa maana ya kwamba hakuna aliyewahi kuifunga kwenye gari, lakini ilikuwa imekaa stoo muda mrefu mno.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia ukubwa wala ampea. Hayo yameandikwa kwenye betri unayoitoa, na fundi yeyote wa umeme wa magari atakuambia kama gari lako linabeba NS40, NS60 au N70. Nitashikilia umri, kwa sababu ndio ambao hakuna anayeuliza, na ndio unaokula hela za watu.

Betri ya risasi huanza kujimaliza siku ile asidi inapoingia ndani. Hata ikiwa rafuni haijaunganishwa na kitu chochote, chaji inashuka polepole, na joto linaongeza kasi. Kanuni inayotumika ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, mwendo wa kujimaliza unakaribia kuongezeka maradufu. Sasa ifikirie stoo ya mabati kule mtaa wa Gerezani, Dar, mwezi wa Februari. Chaji inaposhuka, sahani za risasi zinafunikwa na salfeti. Salfeti changa si tatizo, chaja inaiondoa. Ikiachwa miezi, chembe zake zinakua na kukomaa, na hapo hakuna chaja itakayoziondoa zote.

Ubaya wake ni kwamba betri ya namna hiyo haikuonyeshi kitu siku ya kununua. Itachajiwa, volti zitapanda, stata itapiga vizuri pale pale dukani, utalipa na kushukuru. Kilichopungua ni uwezo wa kuhifadhi umeme. Ukiendesha kila siku hutajua. Ukienda msibani Songea ukaliacha gari wiki nzima, ukirudi unasikia "tik" tu, na hapo ndipo watu wanapoanza kununua altaneta zisizohitajika.

Viwanda vyenyewe huwaagiza wauzaji wapime betri zilizo stoo na kuzichaji tena zikishuka hadi volti 12.4 au 12.5 hivi. Nimewauliza wauzaji wengi wa Kariakoo na Ilala nani anafanya hivyo. Jibu la kawaida ni kwamba mzigo wao "hautulii dukani". Basi mwenyewe pima.

Mwambie alete mita. Betri iliyojaa inasoma volti 12.6 kwenda juu. Ikisoma 12.4, karibu robo ya chaji imeshaondoka. Kwenye 12.2 imebaki nusu. Ikiwa 12.0 au chini ya hapo, iache hata ukipewa kwa nusu bei. Na uwe macho na ile tabia ya kukuambia "subiri nikuchajie kidogo". Chaji ya nusu saa inapandisha volti za juu juu, mita inakuonyesha 12.9, kumbe chini hamna kitu. Dawa yake ni kuitwika mzigo: unganisha balbu ya taa kubwa, iwake dakika mbili tatu, zima, subiri kidogo, ndipo upime tena. Duka lenye kipimo cha mzigo, kile kinachovuta umeme mwingi kwa sekunde 15, ndilo la kuthamini. Kikitoa mzigo unaolingana na nusu ya ampea za kuwashia zilizoandikwa kwenye betri, volti zisishuke chini ya 9.6.

Tarehe ndiyo inayosumbua, maana kila kiwanda kina namna yake. Baadhi hugonga herufi na tarakimu: A ni Januari, B ni Februari, na tarakimu ni mwisho wa mwaka, hivyo C5 ni Machi 2025. Wengine wana namba ndefu inayohitaji maelezo ya wakala. Usibahatishe. Mwambie muuzaji aisome mbele yako kisha aandike mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwenye risiti. Stika ya karatasi usiihesabu, hiyo inabandikwa na yeyote, siku yoyote. Mimi betri ya miezi mitatu naichukua kwa furaha, ya miezi sita naichukua mita ikiikubali, zaidi ya hapo siigusi. Mtu anayeuza bidhaa kila siku akashindwa kukuambia ilitengenezwa lini hastahili hela yako.

Kuna njia moja ya kulikwepa tatizo lote hili: betri iliyosafirishwa bila asidi, ambayo asidi inamiminwa mbele yako. Vizibo vyake vikiwa havijafunguliwa, umri wa rafuni haujaidhuru sana. Sharti ni kwamba asidi ikishaingia iachwe itulie nusu saa hivi, kisha ichajiwe vizuri. Mafundi wengi wana haraka, wanamimina na kufunga hapo hapo. Kataa. Nenda kanywe chai urudi. Usiichanganye na ile inayoitwa mtaani "betri kavu", ambayo ni iliyozibwa na ndani ina asidi kama kawaida.

Sasa mpangilio wangu wa betri za kununua.

Ya kwanza kwangu ni Chloride Exide inayotengenezwa Nairobi na Associated Battery Manufacturers. Naipendelea na sioni sababu ya kuficha. Sababu yangu ni barabara. Betri iliyotoka Nairobi inapita Namanga kwa lori na inaweza kuwa Arusha siku hiyo hiyo. Inayotoka Asia imekaa wiki kadhaa ndani ya kontena la chuma, ikasubiri bandarini, ikalala godauni, ikagawiwa kwa wauzaji wa jumla, ndipo ikafika kwenye rafu unayoiangalia. Kila kituo hapo ni joto. Ukiipata ya Nairobi yenye vizibo vya kuongezea maji, chukua hiyo kuliko iliyozibwa, kwa sababu haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi, inaingia katika kila chumba na kukuambia ukweli ambao mita haiwezi kuusema: asidi ikisoma kati ya 1.265 na 1.280 vyumba vyote sita, una betri nzima. Chumba kimoja kikiachana sana na wenzake, irudishe. Nunua kwa wakala anayejulikana, na hata hapo usome tarehe, maana ukaribu wa kiwanda haumzuii mtu kuusahau mzigo wake nyuma ya stoo.

Linaloniudhi ni bei. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki na kukidhi kanuni za Umoja wa Forodha haipaswi kutozwa ushuru wa forodha ikivuka mpaka. Mbona ikifika Dar bei yake inasimama bega kwa bega na iliyovuka Bahari ya Hindi? Nimeuliza madukani, kila mtu ananyoosha kidole kwa mwenzake, hadi usafiri na dola vinatajwa. Anayelipa ni mwenye Toyota IST anayekwenda kazini Posta.

Ya pili ni Amaron ya India, ile ya kijani. Aloi yake ya risasi yenye fedha imekusudiwa kupunguza kuliwa kwa sahani kwenye joto, na mimi naiamini zaidi kwa mtu anayeacha gari limepaki siku nyingi. Imezibwa, kwa hiyo haidromita haina kazi hapo. Tegemea mita na tarehe.

Ya tatu nawaweka Wakorea pamoja, Rocket na Solite. Ni betri nzuri, na nyingi zina kijicho juu kinachobadilika rangi. Watu wanakiabudu hicho kijicho. Kinaangalia chumba kimoja tu kati ya sita. Kijani yake haikuambii kitu kuhusu vingine vitano.

GS nimeiweka ya nne kwa sababu watu wanalipia Japani. Jina ni la Kijapani kweli, lakini hutengenezwa katika nchi mbalimbali, Indonesia ikiwemo. Si dosari, ila usikubali kuongezewa bei kwa neno "Japani" kabla hujasoma imeandikwa nini ubavuni.

Wenye Volkswagen, BMW na Mercedes, tafuteni Varta. Maumbo ya Kizungu ni tofauti na ya Kijapani, na gari lililozaliwa na AGM, betri iliyozibwa ambayo asidi yake imefyonzwa na mkeka wa nyuzi za kioo, lifungiwe AGM.

Betri za bei ya chini kabisa, zenye majina yanayobadilika kila meli ikitia nanga, na za mtumba zilizotolewa kwenye magari yaliyochinjwa: sina cha kuzipangia. Umri wake haujulikani, na umri ndio mada.

Kabla sijasahau, angalieni herufi ya mwisho. 46B24L ina vichwa vyembamba, 46B24LS ina vichwa vinene, mwili ni ule ule. Dukani ikikosekana yako utapewa nyingine, kisha fundi atapachika kipande cha bati au waya wa shaba kwenye kichwa chembamba ili klempu ishike, au atapanua klempu kwa bisibisi kwa kile kinene. Hapo ndipo joto na kutu vinapoanzia. Waambie watafute yenye S au isiyo na S, kama gari lilivyotoka. Na gari la Kijapani linalojizima kwenye foleni linahitaji betri yenye alama kama M-42, N-55 au Q-85. Ukilifungia ya kawaida litawaka, lakini kuzima na kuwaka kote kule kwenye foleni ya Ubungo kutaimaliza mapema. Wenye Prius, kwenye matoleo mengi betri yenu ndogo iko nyuma ndani ya buti, na ina kibomba cha kutolea gesi nje. Haidrojeni inalipuka. Fundi anayelifungia betri ya kawaida bila kibomba hicho anaweka hatari ndani ya gari wanamolala watoto mkisafiri usiku.

Halafu hawa wauzaji na dhamana zao. Karatasi inasema miezi 12. Unarudi mwezi wa tano, betri haiangaliwi hata kidogo, unaambiwa "altaneta yako inazidisha" au "gari lako linavujisha umeme". Inawezekana kweli, na ndiyo maana siku ya kufunga betri mpya pima mwenyewe mbele yake: injini ikiunguruma, volti ziwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi, injini ikiwa imezimwa na milango imefungwa, umeme unaovuja usizidi takribani miliampea 50. Alamu na vifaa vya kufuatilia gari vilivyofungwa ovyo ndivyo wezi wakubwa hapo. Vipimo hivyo viandikwe nyuma ya karatasi ya dhamana na yeye atie sahihi. Akishasaini, ile hadithi ya altaneta haina tena pa kusimama.

Kuna na ile ya bei mbili, moja ya risiti na nyingine ya bila risiti. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, na muuzaji anajua kuwa hiyo tofauti inakuuma. Lakini bila risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, huna ushahidi kwamba ulinunua kwake, wala lini, na dhamana yako imebaki karatasi yenye picha ya radi. Kwa betri, lipa ya risiti. Mahali pengine fanya utakavyo na sheria ikuone, hapa unajilinda wewe.

Na betri yako mbovu usiiache kaunta bila kuitajia bei. Ndani yake imejaa risasi, na risasi inanunuliwa kwa kilo na wenye vyuma chakavu, kisha inarudi viwandani kuyeyushwa. Muuzaji anayekusaidia "kuitupa" anaiuza jioni hiyo hiyo. Mwambie aipime kwenye mzani, akukatie thamani yake kwenye bei ya mpya, na asipotaka ifungie kwenye buti ikiwa wima uende nayo kwa anayetaka. Usimpe kijana wa mtaani anayemwaga asidi mtaroni ili apunguze uzito wa kubeba, maana mtaro huo ndio watoto wanaochezea mvua ikinyesha.