Elm kwenye mizani ya korosho: uzoefu wangu wa msimu mmoja

Msimu uliopita nilikitengenezea chama kimoja cha msingi cha ushirika huko Tandahimba, mkoani Mtwara, ukurasa wa wavuti wa kuandikia uzito wa magunia ya korosho. Nilianza na JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za wavuti, kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Wiki ya pili karani akanipigia: "Mwanangu, kilo za watu hazilingani na daftari."

Nikapanda gari kutoka Mtwara mjini, nikakaa naye ghalani asubuhi nzima. Kumbe anaandika 78,5 kwa mkato, si kwa nukta. Ile parseFloat ya JavaScript, amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, ikifika kwenye mkato inaishia hapohapo, inarudisha 78 na haisemi neno. Nusu kilo ya mkulima imekwenda. Mwenye magunia kumi ameshapoteza kilo tano, na hajui. Siku ile niliumia sana.

Ndipo nikahamia Elm, lugha ya programu ya kifankisheni (inayojengwa kwa fankisheni) ya Evan Czaplicki iliyotoka 2012. Unaandika Elm, kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo, inakugeuzia kuwa JavaScript. Huku String.toFloat, inayofanya kazi kama ile parseFloat, haikupi namba moja kwa moja, inakupa Maybe, yaani "huenda": ama Just 78.5 (namba ipo), ama Nothing (hakuna namba). Nikaandika tawi la Just peke yake, kompaila ikagoma. Ikanionyesha mstari wenyewe na kunieleza kwamba Nothing sijaishughulikia. Basi nikaishughulikia: ukiweka mkato, kisanduku kinakuwa chekundu, maandishi yanatokea chini yake, "Tumia nukta, mfano 78.5", na kitufe cha kuhifadhi hakibonyezeki.

Kasoro zipo, na si ndogo. Toleo ninalotumia, 0.19.1, ni la 2019. Ukitaka maktaba ya JavaScript lazima upitie ports, milango maalumu ya kupitishia data kati ya Elm na JavaScript. Kuunganisha mashine ya kuchapa risiti tu kulinila siku tatu. Kusoma JSON, muundo wa kubadilishana data, kunachosha mikono. Na hapa Mtwara sijapata mtu wa kumuuliza nikikwama, nasoma kwa Kiingereza usiku peke yangu. Kwa ukurasa wa matangazo wa kawaida nisingeihangaikia. Kwa jasho la watu, naichukua tena kesho. Upande wa seva nimeanza kujaribu Gleam, lugha nyingine ya programu, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2024. Nayo, kama Elm, haina null, ile thamani tupu inayoweza kujificha mahali pa namba.

Karani bado anaandika mkato mara mojamoja. Kisanduku kinakuwa chekundu, anafuta, anaweka nukta, anaita gunia linalofuata.