Kutoka LPN hadi BSN: uunganishe moja kwa moja au upitie RN?

Wauguzi wengi wa kwetu walioko Marekani huanzia LPN, yaani muuguzi wa vitendo mwenye leseni, ngazi iliyo chini ya RN (muuguzi aliyesajiliwa), wakipiga zamu za usiku kwenye nyumba za kutunzia wazee. Kufika shahada ya uuguzi, BSN, kuna njia mbili.

Ukiunganisha moja kwa moja, unasoma mfululizo, unatoka na shahada, ndipo unafanya NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya RN. Ugumu wake ni kwamba hadi uufaulu, mshahara unabaki wa LPN. Na mafunzo ya wodini mara nyingi ni asubuhi, saa ambazo mtu wa zamu ya usiku anatafuta kitanda.

Ukipitia chuo cha jamii, unachukua stashahada kisha NCLEX-RN. Mtihani ni ule ule, leseni ni ile ile. Hapo unaanza kulipwa kama RN huku ukimalizia BSN kwa intaneti, na baadhi ya waajiri huchangia karo. Mwenye watoto, na ndugu nyumbani wanaongoja M-Pesa, ningemwambia apite huku.

Ila asibweteke na stashahada. Hospitali nyingi kubwa hupendelea BSN, na sheria ya New York ya 2017 inampa RN mpya miaka 10 awe ameipata.

Kokote uendako, hakikisha programu ina ithibati, kwa mfano ya ACEN, shirika linalokagua programu za uuguzi, na uliza mapema kama anatomia uliyosoma zamani bado inakubalika. Vyuo vingine hukurudisha darasani.