Mashine ya boti ya jodari: pima mguu kabla hujahesabu pesa

Tangu upepo wa kusi uanze, malalamiko yanayonifikia ni ya namna moja. Kijana wa Kigombe ameandika: "Dada, mashine mpya kabisa, lakini tukitoka nje inalia weee, boti haisogei." Mwingine wa Nungwi anasema yake inapiga ukelele kila wakipanda wimbi, na fundi ameshabadilisha rafadha, lile panga linalosukuma boti, mara mbili bila nafuu. Wa tatu yuko Kilifi, yeye ameunguza pistoni. Wote nimewauliza swali lilelile: ubao wa tezi, ule wa nyuma ya boti unaobeba mashine, una kimo gani, na mguu wa mashine una inchi ngapi? Hakuna aliyejua. Aliyewauzia naye hakuuliza.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye boti ya faiba ya futi 22 hadi 28, anayevuka mwamba kwenda kurambaza jodari, yaani kumvua kwa kuburuta mishipi nyuma ya boti, kwenye mkondo wa Pemba, nje ya Watamu au mashariki ya Mafia. Nguvu za farasi na ulaji wa mafuta sitavigusa sana, hayo muuzaji anayajua kwa moyo na atakuimbia hata hujamuuliza. Nitapanga mashine kwa jambo ambalo haimbi: mguu.

Mguu hupimwa kuanzia pale mashine inapokalia juu ya ubao wa tezi hadi kwenye lile bapa lililo juu ya rafadha. Mfupi ni inchi 15, sentimita 38 hivi. Mrefu ni inchi 20, karibu sentimita 51. Upo na wa inchi 25, sentimita 64 hivi. Bapa lile linatakiwa liwe usawa mmoja na chini ya boti, au lizidi kushuka kwa inchi moja. Likikaa juu ya hapo, rafadha inavuta hewa kutoka usoni mwa maji, na ikishavuta hewa haina cha kusukuma. Ndiyo hiyo kelele. Ubaya wa pili hausikiki: matundu ya kuvutia maji ya kupozea yako hukohuko mguuni. Mguu ukiibuka mara kwa mara, pampu inazunguka kavu, mpira wake unalika, joto linapanda, na siku moja pistoni inakamata.

Bandarini hutayaona haya. Siku ya kujaribu, maji yametulia, wewe na muuzaji mmekaa nyuma, tezi limezama vizuri, mashine inakwenda mpaka unacheka. Nje mambo ni mengine. Mnarambaza kwa mwendo wa noti sita, saba, nane, jodari anauma, watu watatu wanakimbilia mbele na kulabu, sanduku la barafu nalo limewekwa mbele ya katikati. Tezi linanyanyuka. Na hapo ndipo nahodha anapoitaka mashine kuliko wakati wowote, ageuze boti mshipi usipite chini yake. Akifungua mafuta, anapata kelele tu. Samaki wa kilo 40 hasubiri rafadha ishike maji.

Kwa wanaosema "tutarudi polepole": katikati ya mkondo wa Pemba kina ni mamia ya mita, nanga yako haina pa kushika. Wakati wa kusi maji ya pwani yetu hukimbilia kaskazini, na kuna siku yanafika noti nne. Boti ya Tanga iliyozimikiwa mashine haiendi Tanga.

Kwa hiyo, boti ikiwa nchi kavu, chukua futikamba. Pima katikati ya tezi, pale mashine itakapokaa, kutoka ukingo wa juu kushuka wima. Usifuate mlalo wa ubao, utadanganyika. Kama mkuku, ule uti wa chini ya boti, umefika hadi tezini, pima mpaka chini ya mkuku, maana ndio unaochafua maji yanayoifikia rafadha. Maboti mengi ya faiba ya ukubwa huu yanataka mguu wa inchi 20. Lakini mafundi wetu hawana kipimo kimoja, ndugu wawili wa karakana moja wanaweza kukutengenezea tezi mbili tofauti. Lako ndilo la kupima, jirani yako muachie lake.

Sasa mpangilio.

Ya kwanza: Yamaha Enduro 40, mguu mrefu. Wanaonisoma wanajua nilivyo na Yamaha na sitajificha. Ni mashine ya kuchanganya mafuta na oili, ya kuvuta kwa kamba, haina kompyuta, na kuanzia Vanga hadi Mtwara sijui diko la wavuvi lisilokuwa na mtu anayeweza kuifungua kabureta yake. Uzito wake kilo 70 na ushee, wanaume wawili wanaibeba. Inakunywa petroli, kweli, na oili juu yake. Nitaivumilia.

Ila uisome namba yake vizuri, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Imeandikwa E40XMHL au E40XMHS. E ni Enduro, 40 ni nguvu, M ni kuwasha kwa mkono, H ni mkono wa usukani. Ile X ya katikati ni toleo tu, haihusiani na mguu. Nimeshasikia muuzaji, mtu mzima na ndevu zake, akimwambia mteja "hii X, ndefu kuliko zote", mashine yenyewe ina S mwishoni. Mguu unasomwa kwenye herufi ya mwisho: S mfupi, L mrefu. Kwenye Yamaha nyingine, X ikija mwisho ndiyo inchi 25. Na usiisome kwenye kofia ya mashine, kofia hubadilishwa na stika huchapishwa mjini. Bamba la namba liko kwenye mkono wa kubania mashine tezini, upande wa kushoto. Ukikuta limeng'olewa, muage kwa heshima.

Ukiona EK badala ya E, hiyo ni ya mafuta ya taa. Zamani ilikuwa na maana. Kwa Tanzania bara, tangu kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa mwaka 2011 kuzuia uchakachuaji, ule unafuu wa bei uliisha, na jodari wa nje hataki mashine inayochelewa kuchangamka.

Ya pili: Suzuki DT40, L mwishoni. Nayo inatumia petroli na oili, imara, na mimi sina ugomvi nayo. Mwenye fundi wa Suzuki karibu aichukue bila wasiwasi. Ninaiweka ya pili kwa sababu ya vipuri: mpira wa pampu wa Yamaha utaupata hata jioni ya sikukuu, huu wa Suzuki unaweza kusubiri mtu anayetoka Mombasa au Dar.

Ya tatu: Tohatsu 40, mguu mrefu. Watu wanaidharau kwa kutoijua jina. Nissan za boti ambazo wazee wetu walizisifu zilitengenezwa na Tohatsu hiyohiyo. Mashine nzuri, tatizo lake ni kwamba maduka mengi huagiza mguu mfupi, kisha wanakushawishi uchukue uliopo.

Ya nne: mashine mpya za mipigo minne, zisizochanganywa oili kwenye petroli, za Yamaha, Suzuki, Honda au Mercury. Zinakunywa kidogo, na kwa anayerambaza kutwa nzima huo ni unafuu wa kweli. Mwenye ofisi, mwenye watalii, sawa. Kwa mvuvi wa kawaida, ya farasi 40 inakaribia kilo 100, inataka petroli safi isiyo na maji, na ikizima nje hutaifungua kwa spana mbili. Tezi pia linazama zaidi, na lisilojengwa kwa uzito huo litaanza kupasuka pembeni.

Ya tano: za mitumba, hasa zile za Dubai. Baadhi zimetoka kwenye maboti makubwa ya starehe, kwa hiyo utakuta mguu wa inchi 25. Kwenye tezi la inchi 20 huo ni mzigo: unarusha maji, usukani unakuwa mzito, na kwenye kina kidogo ndio unaogonga mwamba kwanza. Nunua tu kama umepima mwenyewe na fundi wako amesikiliza inavyounguruma.

Za Kichina za bei nafuu: kwa ndani ya mwamba, sawa. Nje, ziwe za akiba.

Na akiba ni lazima. Enduro 15 ya mguu mrefu inatosha kukurudisha. Wengi wanachukua 15 ya mguu mfupi iliyotoka kwenye ngalawa, wanaining'iniza pembeni ya kubwa, wanasema tuko salama. Ipimeni nayo. Ya akiba inayovuta hewa ni mzigo tu.

Sasa niseme la moyoni. Mteja akirudi dukani kulalamika, anaambiwa: "Kata ubao wa tezi inchi tano, itakaa sawa." Jamani! Ukikata tezi umeyafungulia mlango mawimbi yanayokuja kwa nyuma, na jodari anapoivuta boti kinyumenyume ndiyo kabisa. Mguu mfupi unaongezwa kwa vifaa vyake, kipande cha inchi tano pamoja na shafti, fimbo ya gia na bomba la maji virefu, siyo kwa msumeno wa seremala. Tatizo vifaa hivyo halisi ni ghali, na muuzaji aliyekupa mguu usiofaa hawezi kukwambia vipo.

Bei nayo ni hadithi. Tangu Machi 2025 Tanzania imekataza kutangaza bei ya bidhaa kwa fedha za kigeni. Basi sasa unatajiwa shilingi, ila ukiomba saa moja ufikirie, ukirudi zimepanda, "dola imesogea". Imesogea kwa nani, ndani ya saa moja? Na mguu mrefu wanakuongezea pesa kana kwamba wameuchonga wao, huku ule mfupi uliowalalia stoo tangu mwaka juzi wakiuita "ofa ya wavuvi".

Ukifikia kulipa, dai risiti yenye namba yote ya mashine, herufi ya mwisho ikiwemo. "Yamaha 40" peke yake isikutoshe, kwa sababu siku ya kurudisha ataapa kwamba S ndiyo uliyoitaka. Akigoma kuiandika, pesa zirudi mfukoni.