Kifumulio kinachokuja na cherehani: kinatosha?

Cherehani nyingi za nyumbani huja na kifumulio kidogo, kifaa cha kufumulia mishono, chenye kofia ya plastiki. Wengi hukitupia droo na kurudi kwenye wembe, jambo ambalo ni kukionea. Kina jino refu lenye ncha, jino fupi lenye kishanga, mara nyingi chekundu, na makali yaliyo penye panda, pale meno mawili yanapoachana. Ncha kazi yake ni kuinua uzi. Panda ndiyo inayokata. Anayekwangua kwa ncha atachoka na kitambaa kitachanika.

Kwa mshono wa kawaida hakina mpinzani. Laza kitambaa mezani, ingiza ncha chini ya uzi, kata, ruka mishono 3 au 4, kata tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Kama urefu wa mshono kwenye cherehani uliwekwa milimita 2.5, utakuwa unakata kila baada ya sentimita moja hivi. Geuza upande wa pili uvute uzi: unatoka mzima, na vipande vilivyokatwa unaviokota kwa selotepu. Ukigoma, usiulazimishe, tafuta mshono uliourukia uukate. Kwa wanaoshona kwilti, yaani matandiko ya vipande vya vitambaa vilivyoungwa, hili si la kupuuza, kwani vipande vilivyokatwa mshazari vikivutwa hutanuka, na pembe hazikutani tena.

Kishanga kina kazi ya kufumua mshono mrefu kwa haraka. Tenganisha vitambaa viwili, kishanga kikae chini kikigusa kitambaa, ncha iwe juu, kisha sukuma taratibu. Kishanga kinateleza bila kuchoma. Ukikigeuza, ncha ikawa chini, hapo ndipo matundu yanapotokea. Njia hii inafaa denimu na pamba nzito. Kwa hariri, shifoni na vitambaa vya kuvutika, kata mshono mmoja mmoja.

Kufungua tundu la kifungo: choma pini kukingama, ndani kidogo ya mshono wa kufungia mwisho, kisha kata kuielekea. Bila pini, mkono ukiteleza unapita hadi nje ya tundu.

Kasoro kubwa ni mpini. Ni mwembamba, unazunguka vidoleni, na kwa kazi ndefu chenye mpini mnene wa mpira kinastahili kununuliwa. Hata hivyo usikitupe hicho kidogo: kwenye mishono iliyobana, kama ile ya kukaza ncha za zipu, ncha yake nyembamba inapita pasipopitika na vile vikubwa.

Makali nayo hayadumu. Dalili ni uzi kuvutika kabla ya kukatika na kitambaa kukunjamana. Penye panda ni pafinyu mno kunoleka vizuri, kwa hiyo nunua kingine, maana kifumulio butu ndicho kinachochana nguo. Matundu ya sindano yanayobaki kwenye pamba hujifunga kwa pasi ya mvuke. Kwenye ngozi hayafungi, hata kifumulio kiwe kipya namna gani.