Ureno kwa Treni: Miji ya Kale, Fukwe za Algarve na Dhahabu ya Kilwa

Hamjambo wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo sichambui simu wala kamera, nachambua safari: Ureno ya kujipangia mwenyewe, kwa treni, kuanzia Lisbon hadi Algarve kule kusini. Mmeniuliza sana kama inastahili hela yake. Mwenye haraka achukue jibu lake sasa hivi: inastahili, ila Lisbon usiipe siku nyingi kama unavyoshauriwa na kila mtu. Utamu wa nchi ile uko kwenye miji midogo. Ila Lisbon kuna kitu kimoja ambacho mtu wa pwani yetu akikipita bila kukiona, nitamlaumu. Nakuja kwacho.

Haya, Lisbon. Mji wa vilima, na njia zake zimesakafiwa vijiwe vyeupe vilivyosuguliwa na nyayo hadi vinang'aa. Manyunyu kidogo tu, utelezi. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, vile vya kupigia picha viache hotelini. Ukishuka upande wa mto Tejo utaona mitaa ya Baixa imenyooka kama rula, ilhali Alfama, pale mlimani, vichochoro vinajipinda mpaka unapotea. Sababu ni tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani. Ardhi ikatikisika, mawimbi ya bahari yakafuata, kisha moto. Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, ndiye aliyesimamia ujenzi mpya wa Baixa kwa mistari iliyonyooka. Kanisa la Carmo halikurudishiwa paa. Unasimama katikati ya matao, unainua kichwa, unaona mawingu. Hapo natoa alama 9 kwa 10 bila kusita.

Tramu namba 28, kile kigari cha reli kinachopita mitaani? Alama 3. Ndiyo, ni ya zamani na inapendeza kwenye picha, lakini msimu wa joto watu wanabanana humo, na wezi wa mifukoni wanaijua kuliko dereva. Njia yake itembee kwa miguu. Ukichoka, ingia mkahawa wowote wa mtaani uagize chamuça. Ukiiona tu utaitambua: sambusa ile ile, yenye pembe tatu. Imefika huko na watu wenye asili ya Goa na Msumbiji.

Sasa Belém, mtaa wa Lisbon kando ya mto. Foleni ya Monasteri ya Jerónimos inaweza kuumaliza mchana wako wote, kwa hiyo nunua tiketi mtandaoni na ufike kabla milango haijafunguliwa. Angalia pia tovuti zao kabla ya kutoka, maana majengo haya ya kale hufungwa kwa ukarabati mara kwa mara. Ndani ya kanisa lake, karibu na mlango, kuna kaburi la Vasco da Gama. Amelazwa kwenye jiwe lililochongwa, mikono imekutana kama mtu anayesali. Watalii wanampiga picha na kusonga mbele. Mimi nilisimama. Huyu ndiye aliyetia nanga Malindi mwaka 1498, akapokewa vizuri, akapewa rubani wa kumvusha hadi Uhindi. Mwaka 1502 akarudi na kundi kubwa la meli, akaingia Kilwa na mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, alipe kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno.

Hiyo dhahabu iko wapi? Iko Lisbon, na ndicho kile kitu nilichowaambia. Nenda Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, Museu Nacional de Arte Antiga, ulizia Custódia de Belém. Ni monstransi, chombo cha kuwekea Ekaristi wakati wa kuabudu, iliyokamilika mwaka 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel I. Imefanyizwa kwa dhahabu ile ya kodi ya Kilwa. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka, wadogo mno, kila mmoja na sura yake, na rangi bado zinawaka. Kazi yenyewe ni ya ajabu, siwezi kuwadanganya. Lakini ukishatembea kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, ukaona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, huwezi kukitazama chombo kile kama mtalii kutoka Norway anavyokitazama. Mwaka mmoja tu kabla hakijakamilika, 1505, Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Alama sikitoi. Nendeni mkakione wenyewe.

Sintra kwa ufupi: treni kutoka kituo cha Rossio, kama dakika arobaini, kasri la Pena la rangi nyekundu na njano juu ya kilima, umati mkubwa. Nenda siku ya kazi, au usiende kabisa.

Sasa tunaingia kwenye raha. Évora, mkoa wa Alentejo, kama saa moja na nusu kwa treni kutoka Lisbon. Treni ni chache kwa siku, kwa hiyo tazama ratiba ya kurudi kabla hujaondoka, au panda basi. Katikati ya mji pamesimama nguzo za hekalu la Warumi, karibu miaka elfu mbili zipo tu, watu wanakunywa kahawa pembeni yake. Halafu kuna Capela dos Ossos, kikanisa cha Wafransisko ambacho kuta zake zimejengwa kwa mifupa na mafuvu ya watu. Juu ya mlango wameandika kwamba sisi mifupa tuliopo hapa, tunaisubiri yenu. Mwenye watoto wadogo apime mwenyewe. Mimi Évora naipa 9, na ile moja nimeikata kwa sababu ya jua. Julai na Agosti joto la Alentejo linaweza kupita nyuzi 40, na kivuli ni cha kugombania.

Kusini, Algarve, watu wengi wanakimbilia Lagos. Magenge ya Ponta da Piedade yana rangi ya asali, bahari imeyachonga mapango na matao, na boti ndogo zinakupitisha katikati. Hapo sina neno. Lakini picha hazikwambii habari ya maji: hii ni Atlantiki, ni baridi! Aliyezoea Diani au Nungwi ataingiza kidole cha mguu na kurudi kwenye taulo. Upande wa mashariki wa Algarve kuna nafuu kidogo.

Na Lagos ina habari nyingine inayowapita wengi. Mwaka 1444 meli zilishusha hapo mateka Waafrika zaidi ya mia mbili, wakagawanywa hadharani, mama huku, mtoto kule. Mwaka 2009, wakichimba ili wajenge maegesho ya magari, waliikuta mifupa ya Waafrika zaidi ya 150 mahali palipokuwa jalala la mji. Kuna jumba dogo la makumbusho, Mercado de Escravos, yaani Soko la Watumwa. Ingia kabla hujaenda ufukweni.

Mji ulionishika moyo ni Tavira. Kutoka Lagos unafuata reli ya Algarve kuelekea mashariki, kupitia Faro. Treni ya polepole, haina mbwembwe. Mji umekaa kwenye kingo mbili za mto Gilão, daraja la kale la matao saba katikati, nyumba nyeupe, mapaa ya vigae yenye pembe kali. Nje kidogo kuna mashamba ya chumvi, maji yanaachwa jua liyakaushe, na ndege aina ya heroe wamesimama humo humo. Ufukwe uko kisiwani, unavuka kwa boti. Jioni wazee wanakaa nje na kuzungumza, na hakuna anayekuvuta mkono uingie mkahawa wake. Tavira naipa 10.

Porto nitaifanyia video yake. Ni kaskazini, saa tatu hivi kwa treni kutoka Lisbon. Beba koti la mvua, na usipite kituo cha São Bento bila kutazama kuta zake za vigae vya buluu.

Chakula. Samaki wa kuchoma kwa mkaa, dagaa wakubwa wa Juni, wali wa vyakula vya baharini: sawa kabisa na vinywa vyetu. Mambo mawili tu. Mkate na zeituni vinavyoletwa mezani bila kuagizwa si sadaka. Ukivigusa, vimo kwenye bili, kama huvitaki sema virudishwe. Pili, kwa ndugu zangu Waislamu, nguruwe anajificha. Supu ya caldo verde ni ya mboga za majani, lakini huwekwa kipande cha chouriço, soseji ya nguruwe, ndani. Uliza kwanza. Lisbon, mtaa wa Martim Moniz, utapata migahawa ya halali, mingi ya Wabangladeshi.

Gharama: treni za mbali bei hushuka ukikata tiketi siku kadhaa mapema. Lisbon wanatoza kodi ya utalii yuro 4 kwa kila mtu wa miaka 13 na zaidi kwa usiku, nje ya bei ya chumba. Viza ni ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ada yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000. Ada hairudi ukikataliwa, kwa hiyo hoteli wekeni zile zinazokubali kughairi bila malipo mpaka jibu litoke.

Wakati mzuri ni Mei au mwisho wa Septemba. Agosti waachieni wenyewe.