Vikombe viwili visivyo na mawe: duka la vito la mtandaoni lililonilipisha jozi isiyokuwepo

Kwenye mtoto wa meza yangu ya usonara, hapa Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, pana vikombe viwili vya dhahabu ya karati 18, yaani vijumba vya kushikilia mawe ya vipuli. Kila kimoja kina urefu wa milimita 8 na upana wa milimita 6. Nilivikunja kwa mkono, nikavichomelea, nikavisugua mpaka ukingo wake ukawa mwembamba kiasi cha kulifinya jiwe bila ya kuliumiza. Havina mawe. Mawe yake niliyalipia mwezi wa Rajab, na muuzaji hakuwa nayo.

Bi mkubwa mmoja wa Wete, Pemba, ndiye aliyenipa kazi. Alikuwa anamwoza bintiye mwisho wa Shaaban, akataka vipuli vya tanzanaiti. "Mwanangu," kaniambia, "nataka rangi moja, kulia na kushoto. Usinitilie buluu huku na zambarau huku." Nikamwambia, "Inshallah, mama." Alikuwa anajua anachokisema. Jiwe hili la Mererani, lililojulikana tangu 1967, ukilitazama upande mmoja ni buluu, ukiligeuza ni zambarau, na kabla halijachomwa huwa na upande wa tatu wenye ukahawia. Moto wa nyuzi 500 na zaidi ndio unaouondoa ule ukahawia. Kwa hiyo mkataji akililaza jiwe moja vibaya, jozi haiwi jozi hata uzito ukilingana. Na nilifurahi kuwa kataka vipuli wala si pete, maana tanzanaiti si jiwe gumu, vumbi la mchanga tu linaweza kuichubua, na pete hugusa kila kitu.

Ami yangu aliyenifundisha kazi alinunua mawe kwa kuyaona. Dalali akishuka boti na vikaratasi vyake vilivyokunjwa, anavifungua mezani kimoja kimoja, ami anatoka na jiwe barazani kulitazama kwenye mwanga wa jua, kisha ndiyo bei. Mie siku hizi nanunua kwa simu. Mjini hapa akiki na feruzi napata, lakini jozi ya tanzanaiti iliyolingana si kitu cha kukutana nacho njiani.

Duka ninaloliandika hapa liko bara, linauza kwa tovuti yake. Jina silitaji. Nianze na mazuri yao, kwa sababu yapo. Picha zao ni za kweli, zimepigwa kwenye mwanga wa mchana bila ya kutiwa rangi. Uzito wanauandika mpaka sehemu ya mia ya karati, na jiwe lililochomwa wanasema limechomwa. Hayo si haba.

Nikaiona jozi: umbo la yai, 8 kwa 6, karati 2.71 kwa pamoja. (Karati ya jiwe ni uzito, karati 5 ni gramu 1, msiichanganye na karati ya dhahabu, ambayo ni usafi wake.) Pembeni pameandikwa "Ipo". Nikalipa siku ya Jumatatu Sh1,650,000, nikapata ujumbe kuwa oda imethibitishwa. Kwa kuwa siku zilikuwa chache na vipimo nilikuwa navyo, usiku uleule nikaanza vikombe.

Alhamisi ukaja ujumbe: "Samahani kaka, ile jozi ilishatoka. Tunayo nyingine nzuri zaidi, 7 kwa 5." Nikauliza ilitoka lini. "Muda kidogo." Nikauliza tena, na tena, mpaka nikaambiwa: kabla ya Maulidi. Miezi minne jiwe halipo, na ukurasa unasema lipo!

Jozi ya 7 kwa 5 haingii kwenye kikombe cha 8 kwa 6. Inacheza ndani kama punje ya mchele kwenye kijiko. Kikombe hakipunguzwi kwa kukibana. Kinakatwa, kinachomelewa upya, na alama ya mchomeleo inabaki, na mie sitoi kazi yenye alama. Dhahabu ilikuwa yangu na usiku ulikuwa wangu.

Naomba wenye maduka ya vito wanielewe kwenye hili. Mwenye kuuza friji akikosea hesabu, ghalani huenda ipo nyingine ya aina ileile, mteja hatapungukiwa kitu. Jiwe halina mwenzake. Likiuzwa, picha yake, uzito wake na vipimo vyake vyote havina kazi tena tangu saa ile. Kumwambia mtu "tunayo nyingine" ni kumwambia aanze kazi yake upya.

Nimeuliza kwa watu wa biashara hii kwa nini hali iko hivi. Kwanza, mawe mengi yanayoonyeshwa si ya duka. Ni mali ya dalali, kayaleta yapigwe picha, kisha kaondoka nayo, na akiyauza kwingine hampigii simu mtu. Pili, anayeuza dukani siye anayeshughulika na tovuti. Mteja anaingia, analipa taslimu, anaondoka na jiwe, na huku mtandaoni linabaki. Hizo mbili naweza kuzistahamilia zikirekebishwa. Ya tatu siistahamilii: kuna wanaoacha makusudi, ili duka lionekane limejaa, ukiulizia lile wakupeleke kwenye hili.

Pesa zangu zilirudi baada ya siku 6, zote, na hilo nalihesabu upande wao. Zilipokwisha kurudi, usiku mmoja baada ya Isha nikakaa na tovuti ile nikaulizia mawe 12: spineli za Mahenge, yakuti za Umba, rubi mbili tatu. Yaliyokuwepo yalikuwa 4. Na spineli moja ya waridi, yenye doa ndani yake mfano wa chembe ya sukari karibu na ukingo, niliikuta kwa muuzaji mwengine kabisa, picha ileile, kidole kilekile kimeishika. Huku karati 1.88, kule 1.92.

Sasa siulizi tena "ipo?", maana hilo kila mtu hulijibu ndiyo. Naomba video fupi: jiwe liko juu ya mizani, namba zinasomeka, na pembeni karatasi yenye jina langu na tarehe ya leo. Mwenye jiwe huituma upesi. Asiyekuwa nalo atakwambia fundi katoka nalo.

Jozi ya bi mkubwa niliipata kwa muuzaji mdogo wa Arusha, ukurasa wake una mawe yasiyofika 40, na likiuzwa moja analifuta siku hiyohiyo. Video yake ilifika chai yangu haijapoa. Ilikuwa 7.5 kwa 5.5, nikatengeneza vikombe vipya kwa masiku mawili, nikavipeleka kwenye boti ya Pemba. Siku ya pili bi mkubwa kapiga simu: "Mwanangu, nimevitoa nje juani, nimeviingiza ndani kwenye taa. Rangi moja."

Lile duka nalipa nyota 2 kati ya 5, moja ya picha na moja ya kurejesha pesa. Juzi nilifungua tena ukurasa wao. Karati 2.71, 8 kwa 6, umbo la yai, bado imeandikwa "Ipo". Nimewaandikia mara ya tatu waiondoe, nikawaambia kuwa Rajab nyengine itakuja na yupo sonara mwengine ataanza vikombe.